Mkishayapata, Mtarudi?

Katika miaka niliyoishughulikia kazi ya tafsiri, zimepita mikononi mwangu hadithi, tenzi, hotuba za wageni wa heshima na maelezo ya dawa za kikohozi. Hakuna maandishi yaliyonikosesha usingizi mfano wa karatasi mbili za fomu ya ridhaa. Mwandishi wa hadithi humjua msomaji wake kwa kumkisia. Mwandishi wa fomu ya ridhaa hamjui kabisa, naye msomaji huyo, aghalabu, si msomaji bali msikilizaji. Husomewa mara moja, akiwa amekaa kigodani mlangoni pake, kisha huombwa atie sahihi au dole gumba.

Kwa asiyeifahamu, khabari yenyewe ni hii. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamivu katika elimu ya viumbe au ya tiba hana ruhusa ya kuchukua hata tone la damu ya mtu mpaka mtu huyo aridhie, na aridhie baada ya kufahamu. Sharti hili lilitiwa nguvu na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, na leo hakuna kamati ya maadili inayoupitisha utafiti pasi na kuiona fomu hiyo, pamoja na tafsiri yake katika lugha anayoifahamu mshiriki. Fomu huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kisha hutafutwa mtu wa kuifasiri, na saa nyengine mtu huyo huwa mimi.

Mimi sikusoma chuo kikuu. Skuli niliiacha mapema, na yaliyobaki niliyaokota katika kamusi na vitabu vya mkono wa pili. Basi katika nyanja hii naingia kwa adabu ya mgeni. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea fomu yake akinambia kuwa anakwenda Manyara, katika nchi ya Mbulu na Hanang, na kwamba anachokitafuta ni tegu wa nguruwe. Mimi ni mtu wa Unguja. Mnyama huyo hatumli, hatumfugi, na jina lake hatulitaji penye chakula. Wenzangu wa barazani waliposikia waliniuliza iwapo kazi zimeniishia. Nami, kabla ya kuandika neno moja, nilimwomba kijana anisomeshe kisa cha mdudu wake toka mwanzo hadi mwisho.

Tegu huyu hukaa katika utumbo wa mwanadamu, akafikia urefu wa mita kadhaa, na mwenyewe anayemchukua pengine asihisi kitu. Mayai yake hutoka pamoja na haja kubwa. Pasipokuwa na choo, nguruwe anayezurura huyala, na ndani ya nyama yake hufanyika vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje. Mtu akiila nyama hiyo haikuiva, hupata tegu, na mzunguko ukaanza upya. Mpaka hapo msomaji wa visiwani anaweza kusema kuwa haya hayamhusu. Lakini mayai yale yale yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mkono usiooshwa, kwa maji au kwa mboga, vifuko hufanyika ndani ya mwili wa mtu huyo, na mara nyengine ndani ya ubongo wake. Hapo ndipo huanza kuanguka kifafa. Na kwa njia hii hapana haja ya kuwa umeonja nyama hiyo maishani mwako. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza khabari za Mayahudi wanne wa New York, watu wa kushika dini, wasiokula nguruwe, waliopatikana na vifuko hivyo ubongoni. Chanzo kilichoonekana ni wafanyakazi wa majumbani waliotoka katika nchi ambazo tegu huyu yupo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika sehemu nyingi ambazo ugonjwa huu umekaa, na watu huishi karibu na nguruwe wanaozurura, unaweza kuwa sababu ya kiasi cha asilimia 30 ya kifafa chote.

Mbulu ni miongoni mwa sehemu hizo, na tunalijua hilo kwa sababu ya watafiti. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Wilaya ya Mbulu. Njia waliyoitumia wafugaji na wachuuzi wanaijua: mnyama hushikwa, ulimi ukavutwa nje, ukatazamwa na kupapaswa upande wa chini. Walivikuta vifuko kwa asilimia 17.4 ya wanyama hao, na hao ni wale tu ambao ulimi uliwatolea ushahidi. Kisha mwaka 2009 zikachapishwa khabari za hospitali ya Haydom, iliyoko Mbulu tangu mwaka 1955: katika watu 212 wenye kifafa waliopigwa picha za ubongo, 38 walionekana kuwa na dalili za wazi, au zinazokaribia yakini, za vifuko vya tegu.

Nilipolifikia neno kifafa katika fomu ile nilisita, na sababu yangu si ya kamusi. Ukilisikiliza neno hilo utasikia kufa ndani yake. Dada yangu mkubwa alikuwa akianguka tangu ana miaka minane. Katika miaka ya sabini, mtaani kwetu, mtu akianguka watu hurudi nyuma, kwani ilisadikiwa kuwa povu lake huambukiza. Alirudishwa kutoka chuoni asije akawaambukiza wenziwe. Siku moja aliangukia jikoni, mkono ukaingia motoni, na waliokuwapo walimsubiri atulie ndipo wakamgusa. Kovu lile analo hadi leo. Alifanyiwa kila lililojulikana: alipungwa, alifukizwa, alivalishwa hirizi. Alikuwa mtu mzima alipoanza kupewa vidonge vya bei ndogo, ambavyo vilikuwapo duniani kabla ya kuzaliwa mama yetu, na kuanguka kukapungua mpaka kukawa jambo la mara moja kwa mwaka. Sijui kifafa chake kilitokana na nini, wala sidai kuwa ni tegu. Nasema tu kwamba fomu ile haikuwa kwangu karatasi ya mtu wa mbali.

Basi nikaanza kufasiri, na maneno yakaanza kunigomea. Angalia neno choo. Katika Kiswahili choo ni kile chumba, na choo pia ni kile mtu anachokwenda kukitoa humo. Rasimu aliyonipa kijana ilisema: "Tutachukua choo chako kidogo kwa uchunguzi." Ukurasa wa pili ukauliza: "Je, una choo?" Msikilizaji angeweza kufahamu kuwa anaulizwa kama amefunga tumbo, na kwamba watu wa serikali wanakuja kumvunjia msala. Kinyesi ni neno safi kitabuni, lakini ukimwambia bibi wa watu, umemvunjia heshima. Nikaandika haja kubwa kwa kile cha kupimwa, nikakiacha choo kiwe jengo.

Rasimu ilisema pia kwamba kaya "zitachaguliwa bila mpangilio". Mtaalamu wa takwimu anajua anachokusudia. Mwanakijiji husikia kwamba hawa ni watu wa ovyo. Nikaandika "kwa kura, bila ya kumpendelea mtu", kwani kura kila mtu anaijua. Ilisema "taarifa zako zitakuwa siri", na kwetu siri ni jambo la kutilia shaka. Jambo jema hutendwa hadharani. Nikaandika: "Jina lako halitaandikwa, na uliyotwambia hatutamwambia mwengine." Kuhusu damu, mililita tano nilizifanya kijiko kimoja cha chai. Katika Afrika Mashariki khabari za mumiani, mtu anayewanyonya watu damu ili itengenezwe dawa, zimesimuliwa tangu enzi za ukoloni, na anayekuja na sindano na chupa bila ya kutaja kiasi huwa amejiita mumiani kwa kinywa chake mwenyewe.

Kijana aliniomba tufuatane naye ili fomu ijaribiwe mbele ya watu, na ndivyo nilivyofika Gehandu. Nilikuta baridi ya asubuhi, mashamba ya mahindi na maharage, na watu wakarimu. Nilikuta pia kwamba Kiswahili changu, nilichokisugua usiku kucha, kilikuwa nusu ya safari tu. Vijana wanakisema bila taabu. Lakini wakongwe wengi, na hasa wanawake, lugha ya nyumbani kwao ni Kiiraqw, ambacho hakina udugu na Kiswahili. Kimetokana na ukoo wa Kikushi, na baadhi ya sauti zake ulimi wangu haukuziweza. Kwa hiyo fomu ilitoka Kiingereza ikaja Kiswahili, na papo hapo msichana wa kijijini aliyemaliza sekondari akaitia katika Kiiraqw kwa mdomo. Niliketi nikimtazama. Sentensi yangu moja alikuwa akiifanya nne, akionesha kwa mikono, na watu wakitikisa vichwa. Tafsiri yenyewe ilikuwa ile, na hakuna kamati iliyoipitisha.

Bibi mmoja alisikiliza mpaka mwisho. Kijana alimwamkia shikamoo mara ya pili, kwa adabu, akamuuliza kama ana swali. Bibi akasema maneno machache, na msichana akatufasiria: "Mwanangu, majibu mkishayapata, mtarudi?"

Katika fomu nzima halikuwamo jibu la swali hilo. Palikuwa na sentensi inayosema kuwa matokeo "yataisaidia jamii", na pengine "kuchapishwa". Kijana alimjibu kwa ukweli, nami namheshimu kwa hilo: kwamba ye yote atakayekutwa na tegu atapewa dawa na ataambiwa, lakini kuhusu kitabu chenyewe, hajui. Fedha za utafiti wa mwanafunzi huhesabiwa kwa siku za gari na chupa za vipimo. Zikiisha, mwanafunzi hurudi chuoni, huandika kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, na tasnifu hujaladiwa ikakaa maktaba. Sina ubaya naye. Amefanya yote aliyotakiwa, na kurudi halikuwa mojawapo.

Na sisi wa visiwani tusijione tumekaa pembeni. Watoto wa Pemba na Unguja wametoa mkojo na haja zao kwa watafiti wa kichocho na minyoo kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2000 Pemba ina maabara yake ya afya ya jamii, ya Ivo de Carneri, ambako wanafunzi wa nchi nyingi wamepata shahada zao. Wangapi miongoni mwetu tumewahi kusoma walichokiandika?

Wapo watakaosema kuwa kurudisha majibu ni wema wa ziada, na kwamba sayansi imetimia ilipochapishwa. Jibu langu nalichukua Mbulu kwenyewe. Ngowi na wenzake hawakuishia kuhesabu nguruwe. Walirudi, wakachukua vijiji 42 vya wilaya ile ile, wakavigawa kwa kura, baadhi vikapewa elimu ya afya juu ya tegu huyu na vyengine vikangojea. Walichokileta kilikuwa maneno. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, maambukizo mapya kwa nguruwe katika vijiji vilivyofundishwa yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 43 kuliko katika vile vilivyongojea. Naomba msomaji aitafakari nambari hiyo. Khabari iliyosemwa kwa lugha ya kufahamika ilifanya kazi ambayo tumezoea kuitarajia kwa sindano.

Wala haisemeki kuwa lugha zetu haziwezi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kiiraqw nacho kina kamusi yake tangu mwaka 2002, waliyoitunga Maarten Mous, Roland Kießling na Martha Qorro, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye ameitumia sehemu kubwa ya umri wake akitetea mwanafunzi wa Kitanzania afundishwe kwa lugha anayoifahamu. Maneno tunayo. Ambacho hatuna ni mtu wa kuyadai.

Mimi ninadai jambo dogo. Kamati inayoidai fomu ya ridhaa kwa lugha ya mshiriki kabla ya utafiti, idai na karatasi mbili kwa lugha hiyo hiyo baada ya utafiti: tulitafuta nini, tulikuta nini, na nyinyi mfanye nini. Kwenye lugha isiyosomwa na wenyewe, zisomwe kwa sauti mkutanoni na mtu wa kijiji, naye alipwe. Gharama yake iandikwe katika bajeti tangu mwanzo, pamoja na ile ya chupa. Na mwanafunzi asipewe shahada mpaka karatasi hizo ziwe zimefika zilikotakiwa.

Mwishoni mwa fomu ya kijana yule, kwa idhini yake, niliongeza mstari mmoja usiokuwamo katika Kiingereza: "Tukimaliza, tutarudi kukwambieni tulichokiona." Alinitazama akauliza kama najua mstari huo una uzito gani. Nikamwambia najua, na kwamba afadhali tuufute kuliko kuuandika na tusiutimize. Alifikiri kidogo, kisha akauacha.