Vinginevyo

Kazi niliyopewa ilisemwa kwa pumzi moja: kila Ijumaa, toa orodha ya watoto waliopitisha tarehe ya chanjo, tumpe mhudumu wa afya ngazi ya jamii akawafuate majumbani. Mhudumu mwenyewe ana baiskeli na vijiji vinne. Jina lisilokuwa kwenye karatasi yake, hapiti mlangoni kwake.

Kompyuta haijui "kupitisha" ni nini. Inataka tarehe mbili izilinganishe: ya leo, na ile ambayo mtoto alipaswa kuletwa. Ya pili haimo kwenye rejista. Lazima ihesabiwe, na hesabu yenyewe hubadilika kutoka mtoto hadi mtoto.

Chukua chanjo ya pentavalenti, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro na mengineyo. Hapa Tanzania mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Anayesoma bango ukutani ataandika: siku ya kuzaliwa, ongeza 42, ongeza 70, ongeza 98, basi. Lakini mama aliyemleta mwanawe wiki ya 9 kwa kuwa mto ulifurika hawezi kuambiwa arudi wiki ya 10. Kati ya dozi na dozi lazima zipite wiki 4. Kwa hiyo, ikiwa dozi ya kwanza imechomwa, ongeza siku 28 kwenye siku ilipochomwa. Ikiwa bado, rudi kwenye siku ya kuzaliwa. Katika SQL masharti hayo hupangwa ndani ya CASE, WHEN moja chini ya nyingine, na kompyuta husimama kwenye la kwanza lililo kweli. Ndiyo maana huanza na dozi ya tatu na kushuka. Ukitanguliza ya kwanza, mtoto aliyemaliza zote ataendelea kudaiwa ya pili mpaka aanze shule.

Surua nayo ina lake, kwani miezi 9 si siku 270. Aliyezaliwa 31 Mei 2023, PostgreSQL itamtimizia miezi 9 tarehe 29 Februari 2024. Kwa siku 270 angeitwa tarehe 25. Ni siku 4 tu, lakini mwambie hivyo mama aliyetembea asubuhi nzima kisha akarudishwa kwa kuwa mtoto "hajatimiza".

Kwiri niliyoirithi ilikuwa na haya yote, imeandikwa vizuri na mtu aliyeondoka kabla sijaja. Nikaipeleka orodha kwa sista wa chanjo. Akaisoma kwa kidole mpaka chini, akarudi juu.

"Mwanangu, yule wa ng'ambo ya mto yuko wapi?"

Hakuwemo. Aliletwa mara moja kupimwa uzito, siku ambayo chanjo zilikuwa zimekwisha. Kwa macho ya sista alikuwa na miezi mitano, bila dozi hata moja. Kwenye rejista, sehemu ya siku ya kuzaliwa ilikuwa tupu.

Utupu huo huitwa NULL. Si sifuri, wala si leo. Uongezee siku 42, unabaki utupu. Uliza kama umepitwa na leo, jibu si ndiyo wala hapana, ni "haijulikani". Na kisichojulikana hakipiti kwenye WHEN. Huteleza hadi mstari wa mwisho, ELSE, ambao mimi huusoma "vinginevyo". Hapo paliandikwa: hadaiwi.

Nikawatafuta wote walioangukia pale kwa utupu. Walizidi ukurasa.

Mama wa yule mtoto alipoulizwa alijibu bila kusita: usiku wa kuamkia Idi. Mimi nikaona tatizo limekwisha. Sista akacheka. Idi ipi, ya waliofuata mwezi wa Makka au ya waliosubiri kuuona hapa? Na usiku huo, kabla ya saa sita au baada? Kwa wazee wetu usiku ni wa siku inayokuja. Kwa kompyuta, saa tatu usiku bado ni jana.

Mwenzangu alishauri tujaze 1 Januari kwa wote, kama ilivyo kwenye vitambulisho vingi. Nilikataa. Tarehe ya uongo hujumlishika vizuri sana, na hakuna atakayerudi kuiuliza. Badala yake niliweka sharti jipya juu ya yote: siku ya kuzaliwa ikiwa tupu na hakuna dozi, andika "aulizwe". Na pale kwenye "vinginevyo" nikaondoa "hadaiwi", nikaweka "aangaliwe". Sasa anayestahili kuachwa ana WHEN yake mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata zilitoka kurasa tatu badala ya moja. Mhudumu alizikunja, akazitia mfukoni, akauliza kama kituo kina hela ya tairi.