Mbwa wa Kunusa Sukari: Kinachowezekana Ohio na Kinachohitajika Tanga

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za watu wenye ulemavu haimtaki mwenye mbwa wa huduma aonyeshe cheti, wala haitaki mbwa awe ametoka chuoni. Ukimlea kijibwa sebuleni kwako, ukamfundisha mwenyewe kazi inayohusu maradhi yako, akaiweza na akatulia mbele za watu, ana haki sawa na yule aliyefundishwa na shirika kwa makumi ya maelfu ya dola. Ikiwa kazi ya mbwa haionekani wazi, mwenye duka anaruhusiwa maswali mawili tu: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya nini? Hapaswi kuuliza unaumwa nini, wala kutaka mbwa amwonyeshe anavyofanya. Lakini mbwa akimshinda mwenyewe, au akijisaidia ndani, mwenye duka anaweza kumtoa.

Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi Ohio, na mwanetu ana kisukari aina ya kwanza. Tangu tumchukue mbwa wetu Popi na kumfundisha wenyewe, ndugu wananiuliza kwenye simu kama jambo hili linaweza kufanyika nyumbani Tanga. Swali hilo linastahili jibu refu kuliko ninalolitoa kwenye ujumbe wa sauti.

Kazi yenyewe ni ya pua. Sukari ikishuka, mwili wa mgonjwa hutoa harufu ambayo sisi hatuisikii. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waliona kwamba kemikali iitwayo isoprini huongezeka katika pumzi ya mgonjwa wakati huo, na inadhaniwa kuwa huenda ndiyo mbwa wanayoinusa. Ili kumfundisha Popi harufu hiyo ilibidi tuikusanye. Mtoto akipimwa na sukari iko chini ya 70, yaani 3.9 kwa vipimo vya Tanzania, juisi inakuwa tayari mkononi, kipande cha shashi kinapitishwa mdomoni mwake mara moja, ndipo anakunywa. Juisi ikitangulia, mbwa atajifunza harufu ya chungwa. Akiwa amelegea, shashi inaachwa na mtoto anahudumiwa.

Shashi inaingia kwenye kichupa, kichupa kinaandikwa tarehe, saa na kiwango cha sukari, kisha kinawekwa kwenye friza. Sampuli nyingine tunazichukua sukari ikiwa sawa. Wengi wanaoanza kazi hii nyumbani huzisahau hizo za pili, na bila hizo mafunzo yote ni bure, kwa sababu mbwa atajifunza kunusa mate ya mtoto badala ya sukari iliyoshuka. Halafu vinapangwa vikopo vinavyofanana, vifuniko vyake vimetobolewa. Mume wangu ndiye anayevipanga nikiwa nimempa kisogo, kisha anatoka chumbani, maana mbwa husoma macho ya watu. Nikijua kopo lenye sampuli ni lipi, Popi atalijua kwangu, hatalitafuta kwa pua. Akigusa lililo sahihi, ninabonyeza kidude cha mlio na kipande cha kuku kinafuata hapo hapo. Akigusa lisilo, anyamaziwe. Hakuna kofi, hakuna kukaripiwa. Mbwa anayeogopa kukosea huacha kusema kabisa, na mbwa wa aina hiyo hamfai mgonjwa.

Mwisho anafundishwa namna ya kutoa habari. Popi huweka mguu wa mbele juu ya paja la mtoto. Asipojibiwa hurudia, na usiku huja kitandani kwetu.

Wakati huo wote kuna kazi nyingine ya kumzoesha watu. Miezi ya mwanzo ya kijibwa ndiyo inayoamua atakuwa mbwa wa namna gani, na ndani ya miezi hiyo anapaswa kukutana na magari, watoto wanaopiga kelele, lifti, viti vya magurudumu, sakafu zinazoteleza. Hapo pana ugumu, kwa kuwa sheria ya kitaifa humlinda mbwa aliyekwisha kufunzwa, na aliye mafunzoni huachiwa sheria za kila jimbo. Kuna pia wanaouza vyeti na vizibao mtandaoni. Idara ya Sheria ya Marekani haivitambui vyeti hivyo, na mbwa wasiofunzwa wanaovishwa vizibao hivyo huwaharibia jina wagonjwa wanaowategemea mbwa kweli.

Niseme wazi: Popi hukosea. Hukosea kwa kunyamaza na hukosea kwa kuonya pasipo jambo. Tafiti zilizofanywa juu ya mbwa hawa zimeona tofauti kubwa kati ya mbwa na mbwa, na wapo ambao baada ya mafunzo yote huonekana hawaifai kazi na kubaki wanyama wa nyumbani. Kwa hiyo kila akiweka mguu, kidole cha mtoto kinatobolewa, na mashine ya kupimia sukari ndiyo inayoamua.

Sasa Tanga. Mama yangu aliposikia mara ya kwanza aliuliza, “Mwanangu, huyo mbwa analala ndani?” Nilimjibu analala chumbani kwa mjukuu wake. Akanyamaza, kisha akauliza habari ya swala. Ni swali la haki. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi nzito: panapoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wana msimamo tofauti. Na Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Nilimweleza mama kwamba mtoto ana nguo zake za swala na zulia lake ambalo Popi halisogelei, na kwamba mnyama huyu yupo kwa ajili ya uhai wa mtoto. Alisema, “Basi mwosheni vizuri kabla hajaswali.” Wazee wetu ukiwaeleza jambo kwa adabu wanalipima, na sipendi watu wa ughaibuni wanaowasema kana kwamba hawaelewi.

Woga wa mbwa nao una sababu. Kichaa cha mbwa bado kinaua Tanzania, na mtoto aliyekatazwa kumsogelea mbwa wa mtaani amekatazwa kwa busara. Dawa ya woga huo inajulikana. Kisiwani Pemba, mlipuko ulioanza 2016 ulimalizwa kufikia 2018 kwa kuwachanja mbwa. Mahali ambapo mbwa wamechanjwa, watu wataweza kumtazama mbwa ndani ya daladala bila kuruka dirishani.

Ujuzi wa kufundisha pua hatuna haja ya kuuagiza. Uko Morogoro. Shirika la APOPO, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu mwenye hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa huko kisha akafanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Nilipoona jinsi wanavyofunzwa nilitambua kila hatua: mlio, kisha chakula, ambacho kwao ni ndizi na karanga, na sampuli safi zikichanganywa na zenye ugonjwa. Vijana Watanzania wanaifanya kazi hiyo kila asubuhi. Wakiamua kufundisha mbwa, hawatahitaji mwalimu kutoka Ohio.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria mpaka nilipohama. Hapa mtoto hulala peke yake, mlango umefungwa, na sukari ikishuka saa nane za usiku hakuna wa kumwona akitoka jasho. Tanga mwanangu angelala na binamu zake, bibi yuko chumba cha pili, na mtu angeshtuka mtoto akianza kutetemeka. Sehemu ya kazi ya Popi ni kuziba nafasi ya watu tuliowaacha. Nyumbani watu hao bado wapo, ila wengi hawajafundishwa dalili: jasho la ghafla, kutetemeka, maneno yasiyoeleweka, hasira isiyo na sababu. Kuwafundisha ni kazi ya jioni moja, na mtoto aliyezungukwa na ndugu wanaozijua dalili hizo ana ulinzi ambao mimi hapa ninautafuta kwa mbwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu wanaouliza ni kwamba mbwa asiwe wa kwanza. Kila sampuli niliyoiweka kwenye friza ilithibitishwa na mashine, na kila onyo la Popi huthibitishwa na mashine. Nyumba isiyo na stripu za kutosha za kupimia sukari haiwezi kumfundisha mbwa huyu, na hata ikipewa aliyekwisha kufunzwa haitajua lini anasema kweli. Kuna watoto nyumbani wanaopata insulini lakini wanapima mara chache kwa sababu stripu zimeisha na dukani ni ghali.

Ndugu uliyeko nje, ukitaka kumsaidia mtoto mwenye kisukari nyumbani, anza na stripu. Uliza kwanza jina la mashine aliyonayo, maana kila mashine ina stripu zake. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukinunua mashine nzima Marekani, kumbuka namba zake ni za hapa: zigawanye kwa 18 upate zinazotumika Tanzania, na uiandikie familia hesabu hiyo kwenye karatasi ndani ya boksi. Insulini usiiweke kwenye kifurushi, kwa sababu joto la safari huiharibu.