MTALI WA BIBI
Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Ndugu msomaji, methali hii nimeiandika katika insha nyingi tangu shule ya msingi, lakini sikuielewa hata siku moja mpaka likizo ya Agosti iliyopita.

Mimi nimezaliwa Lamu, hatua chache kutoka duka la sonara. Tangu utotoni, nikienda chuoni asubuhi, niliisikia nyundo yake, ti! ti! ti!, kama mtu asikiavyo jogoo wa jirani. Lakini mngeniuliza sonara hufanya nini, ningewajibu tu, "Anawauzia wageni pete." Basi. Hata hapa shuleni, mlipokuwa mkiniuliza kwetu kuna nini, niliwatajia punda, maulidi na bahari. Sonara sikumtaja. Leo nataka kuilipa deni hiyo.

Nilifika nyumbani wakati wa kusi. Wanaotoka pwani wanajua kusi ikivuma bahari huchafuka, na mvuvi mwenye chombo kidogo hukaa zaidi barazani kuliko majini. Baba yangu ni mvuvi. Baki ya karo ilikuwa imenisubiri kama mgeni asiyetaka kuondoka, na barua ya shule nilikuwa nayo mkobani. Usiku nilimsikia baba akimwambia mama kwamba pengine nikae nyumbani muhula mmoja. Sikulala.

Asubuhi bibi aliniita chumbani kwake.

"Ndoo hapa, mwanangu."

Alifungua kasha lake, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua taratibu. Ndani yake mlikuwa na mitali miwili ya fedha, myeusi kwa kukaa sana. Kwa wasioujua, mtali ni pambo la mguuni. Mitali hiyo alivishwa mama yake bibi siku ya harusi yake, kisha bibi naye akavishwa. Bibi akachukua mmoja, akanipa.

"Mpelekee Ami sonara. Mwambie nauza."

"Na huu wa pili?"

"Huu hauuzwi. Mmoja ubaki, mjue ulikuwaje."

Nilitoka nimeufumbata mtali ule kama mtu aliyeiba. Nilipofika dukani nikapiga hodi. Ami (ndivyo tunavyomwita, kwa kuwa ni wa rika la baba) alikuwa ameketi chini mbele ya fuawe yake, miwani puani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Bibi amenituma."

Alipouona mtali aliiweka nyundo chini. Hakusema neno kwa muda mrefu. Aliugeuza nje, akaugeuza ndani, akapitisha kidole penye kiungo. Kisha akausugua kidogo juu ya jiwe jeusi, akadondosha tone la dawa, akatazama rangi. Mwishowe akauweka kwenye mizani. Gramu 140.

"Unajua hizi ni nini?" akaniuliza. "Ni reale tano."

Nikamwambia sijui reale. Akanyanyua kijaluba, akanionyesha sarafu moja pana yenye sura ya mwanamke mnene. Huyo alikuwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka wa 1780. Sarafu yake iliendelea kupigwa miaka mingi baada ya kifo chake, na kila moja bado iliandikwa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Arabuni na pwani yetu hawakuiamini nyingine. Wazee waliiita reale ya Shamu. Ina uzani wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzani huo, 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba. Masonara wa zamani waliziyeyusha reale hizi kupata fedha ya kufulia mitali, vikuku, mikufu, mirashi ya marashi na vyetezo vya udi.

Nilipiga hesabu kichwani. Tano mara 28 ni 140. Ama kweli!

Basi Ami akanieleza bei. Akasema angenunua kwa uzani, kama anunuavyo kila mtu. Nilipoisikia hesabu yenyewe moyo ulinishuka, maana haikufika hata nusu ya baki ya karo.

"Lakini Ami, na hii nakshi yote?"

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mizani haioni nakshi, mwanangu. Sonara aliyeufua mtali huu pengine alikaa nao wiki tatu. Mizani inamlipa sufuri. Na mgeni hataununua ulivyo, kwa sababu mtali mmoja ni nusu ya kitu. Nikiununua, nitauyeyusha."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipong'amua jambo ambalo lugha yetu ilikuwa ikiniambia siku zote. Kiswahili kimeipa madini ile na pesa jina moja, fedha. Sisi tumeishika maana ya pili, ile ya kwanza tumeisahau.

Ami alifikiri, kisha akatoa shauri jingine. Badala ya kuununua mtali, angeutengenezea pete. Fedha ya bibi, mkono wake. Kila pete itakayouzwa, wagawane nusu kwa nusu. "Agosti wageni wapo," akasema. "Mwulize bibi. Na kama atakubali, uje wewe mwenyewe unisaidie kupiga msasa, maana sina kijana."

Bibi alikubali. Kesho yake nilikuwa dukani kabla jua halijapanda.

Jambo la kwanza alilonipa kufanya lilinishangaza. Alinipa daftari na kalamu ya risasi, akaniambia niichore nakshi ya mtali, ua kwa ua, kabla haujaingia motoni. Nilichora kutwa nzima. Nilipomaliza macho yaliniuma, lakini nilikuwa nimeona nisichokuwa nimeona miaka kumi na saba. Maua yale hayakufanana! Moja lilikuwa na petali iliyoinama kidogo, jingine lilipigwa tindo mara mbili. Palikuwa na mtu mle.

Siku iliyofuata mtali ukakatwa vipande, ukatiwa kwenye kalibu na chembe za boraksi. Zamani moto ulipulizwa kwa mvukuto wa ngozi. Siku hizi Ami hutumia mtungi wa gesi na bomba la moto. Wanakemia wenzangu wataniunga mkono nikisema fedha tupu huyeyuka katika nyuzi 962 za Selsiasi, lakini ikichanganywa na shaba huyeyuka mapema zaidi. Vipande vile vilikuwa vyekundu, vikalegea, halafu mara moja vikawa tone linalozunguka na kung'aa kama jicho. Mtali wa bibi haukuwapo tena. Machozi yalinitoka, na sikuweza kuyaficha.

"Unalia nini?"

"Aliyeufua hayupo, Ami. Na sasa kazi yake haipo."

Ami aliimimina fedha ile kwenye subu ya chuma kwanza, maana fedha haimngoji mtu. Kisha ndipo akanijibu.

"Na yeye aliyeyusha reale tano kuupata. Kama watu wangezililia reale, bibi yako angevaa nini? Mimi huo mtali haunilizi. Kinachoniliza ni kwamba yeo mtu akija kutaka mtali kama ule, nitamwambia siku ishirini, naye atanipimia uzani. Basi ataondoka, na mkono wangu utasahau. Mtali ukiyeyuka, mkono uliopo utafua mwingine. Mkono ukisahau, hata upewe reale mia."

Maneno hayo sijayasahau. Kumbe nilikuwa nikimlilia sonara aliyekufa, na huyu aliye hai ameketi mbele yangu na nyundo yake!

Sasa niwaeleze pete hufanywaje, kwa maana wengi wetu tunadhani hutoka kwenye mashine. Mche wa fedha hufuliwa kwa nyundo mpaka uwe mwembamba. Lakini fedha ikifuliwa sana huwa ngumu na kuanza kupasuka, kwa hiyo hurudishwa motoni ilegee, halafu hufuliwa tena. Nilihesabu mara sita. Kisha utepe hukatwa, hukunjwa, hutiwa lihamu, huchemshwa katika maji ya shabu mpaka uwe mweupe, hupigwa tupa, ndipo huja msasa. Pete maarufu za Lamu hupambwa kwa kigae cha sahani ya kauri. Watu wa pwani walinunua sahani za Uchina kwa karne nyingi, na vigae vyake vimetapakaa katika magofu. Lakini Ami hachukui vigae vya magofu. Sheria yalinda mahali pale, naye asema jiwe la kaburi la watu halifanywi pete. Yeye hutumia sahani kuukuu zilizovunjika majumbani. Kigae husuguliwa juu ya jiwe kwa maji, kisha huzungushiwa ukingo mwembamba wa fedha, na ukingo hukandamizwa polepole ukishike.

Nilijaribu kimoja. Nikabonyeza kwa pupa, kikapasuka tak! Nilijaribu cha pili, kikapasuka. Haraka haraka haina baraka, nami nilikuwa na baraka za kupoteza tu. Cha tatu Ami aliushika mkono wangu, tukakandamiza pamoja, kikakaa.

Na ile nakshi? Kila pete, penye mabega yake mawili, Ami alipiga ua moja kutoka daftarini mwangu, hata lile lenye petali iliyoinama. Nilimwuliza mbona asilinyoshe. Akasema, "Siyo langu la kunyosha."

Pete zilitoka 20. Nilimshauri azipige muhuri wa 925, kwa sababu wageni huutafuta muhuri huo, unaoonyesha kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Hii ni fedha ya reale, haifiki 925. Nitawaambia ilivyo. Anayetaka atanunua." Na kweli walinunua. Aliwaeleza habari ya mtali, akawaonyesha daftari, nao wakazigeuza pete na kuona ua hili si sawa na lile. Chema chajiuza. Kabla likizo haijaisha zilikuwa zimebaki mbili.

Siku ya hesabu Ami alimpa bibi nusu yake. Ilipita ile bei ya uzani, ikafika karibu na kumaliza baki yote. Kiasi kilichosalia baba alikikopa kwa rafiki, na hivi ninavyoandika nimo darasani. Kisha Ami akaweka juu ya mizani kijidonge kidogo cha fedha. Alikuwa amekusanya vumbi lote la tupa na vipande vya pembeni, akaviyeyusha. Gramu 17.

"Pete zimekula gramu 120," akasema. "Hizi 17 ni zenu. Tatu zimekwenda na moto na msasa, mnisamehe."

Bibi aliutazama mkono wake, akanitazama mimi. "Kaa nazo wewe," akamwambia. "Huyu akirudi, umfundishe kwazo."

Ndugu zangu, siwaambii sote tuwe masonara. Nawaomba jambo dogo. Siku mkikutana na kazi ya fedha, msiulize kwanza uzani. Igeuzeni muone mgongo wake. Pete ya kumimina kwa wingi hufanana na dada zake kama matofali. Iliyofuliwa kwa mkono hubakiza dalili ya nyundo na kiungo. Sumaku isiwadanganye: haivuti fedha, lakini haivuti shaba wala ile inayoitwa fedha ya nikeli, ambayo ni shaba, zinki na nikeli, na fedha haimo hata chembe. Na kitu kikiwa cheusi msikitupe. Ni salfa ya hewani imekishika. Kiwekeni katika maji moto yenye bikabonati ya soda, juu ya karatasi ya alumini, mtaona weusi ukihama. Mwalimu wetu wa kemia atawaeleza sababu.

Kisha mkiweza kununua, nunueni kwa mtu aliyeketi mbele yenu na nyundo, na msimkate bei mpaka ikawa ya uzani tu. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na mapambo ya fedha yamewekwa katika makumbusho yetu. Hilo ni jema. Lakini kioo cha makumbusho hakimlishi sonara, wala hakimpi mwanafunzi.

Mtali wa pili ungali kashani mwa bibi. Likizo ijayo nitakwenda na daftari langu dukani kwa Ami, na gramu zangu 17 zikiningoja. Hazitoshi mtali. Ami amesema zatosha kujifunzia ua moja, nikiharibu tuyeyushe, nianze tena.