Mshikaki Hadi Mpakani

Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo Dar alikwenda Prague kwa miezi sita. Aliporudi hakuwa na hadithi nyingine ila ya tramu, ile treni ndogo ya umeme inayopita mitaani pamoja na magari. Unanunua tiketi ya siku nzima, alisema, unapanda namba 22, unashuka kwenye ngome ya wafalme, unapanda tena, unashuka penye chakula, unapanda tena, unashuka penye bia. Jioni ikifika, jiji umelijua.

"Na kwenu Sirari kuna nini?" akaniuliza.

Nilimjibu kama tunavyojibu wengi wetu: kuna mpaka. Malori yanatoka Mwanza, yanapita Tarime, yanaingia Kenya. Watu wanapita, hawashuki. Lakini swali lilinichoma. Desemba ile nilikuwa nakwenda nyumbani kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba, na palikuwa na kituo kimoja ambacho sikutaka kushuka peke yangu. Nikamwambia twende wote akaone.

Kwetu hakuna tramu. Kuna bodaboda, na hata jina hilo ni mtoto wa mpaka: lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na kuwaita kwa neno la Kiingereza la mpaka. Tulimkodi kijana mmoja kwa siku nzima, tukapanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja. Rafiki yangu alikuwa amevaa fulana ya Dar. Asubuhi za Tarime zina baridi, na kabla hatujafika mbali alikuwa anatetemeka mgongoni mwangu.

Kituo cha kwanza kilikuwa supu ya mbuzi na chapati karibu na stendi. Hapo akapata joto, akaanza kuuliza maswali.

Kituo cha pili, mpakani. Dereva wetu alibaki, sisi tukavuka kwa miguu. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, unakaguliwa upande unaoingia tu, basi. Mstari wenyewe ni wa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kugawana nchi kutoka mto Umba kule pwani hadi Ziwa Victoria. Hakuna Mkurya aliyeulizwa. Ndiyo maana shangazi yangu anaishi Isebania, anapika ugali kama wa kwetu, anatusema kwa Kikurya kilekile, ila anahesabu kwa pesa nyingine. Shilingi moja ya kwao ni kama 20 za kwetu. Rafiki yangu alibadilisha noti zake, akatazama alichopewa, akasema amekuwa maskini kwa hatua mia mbili.

Shangazi alitupa chai ya maziwa, kisha ugali na sukuma wiki. Tulipoaga alinivuta pembeni.

"Umepita kwa yule mama?"

"Bado, shangazi."

"Pita. Deni la marehemu halilali."

Kituo cha mwisho, basi, ni baa. Sitaitaja jina. Baba alikuwa kuli, akipakia na kupakua mizigo mpakani, na kila jioni alikuwa hapo. Nilipokuwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Nilimkuta kwenye meza ya pembeni akiwanunulia wenzake bia. Alinitazama, akasema, "Kesho." Nilikaa nyumbani wiki tano. Mama akauza mbuzi.

Tuliagiza nyama choma na kichuri, mchuzi wetu mchungu wa utumbo wa mbuzi. Rafiki yangu alichovya, akafumba macho, machozi yakamtoka. Akachovya tena. Meza ya jirani wakampigia makofi.

Mwenye baa alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura." Alinikazia macho. "Wewe ni wa yule bwana. Paji la uso ni lile lile."

Hakusubiri niulize. Alileta daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukurasa wa baba ulikuwa na safu mbili, pesa za huku na pesa za huko: bia, bia, supu, bia, nusu kilo. Jumla ilikuwa 186,000 za kwetu. Nilitafuta tarehe. Zote zilikuwa za miezi yake ya mwisho.

"Na ya zamani?" nikauliza. Nikamtajia mwaka.

"Ah, hayo alilipa yote," akasema. "Baba yako hakuwa mtu wa kukaa na deni la watu."

Alisema kwa kumsifu. Najua. Nilihesabu noti mezani, mkono wangu ukikosea, rafiki yangu akitazama sahani yake. Mama yule alizihesabu upya, akapiga mstari mrefu juu ya jina, kisha akafungua ukurasa wa mtu mwingine. Tulikunywa bia moja moja. Wakati wa kurudi dereva aliuliza kama tumemaliza kutembea. Rafiki yangu akajibu kwa niaba yangu kwamba tumemaliza.

Alipanda basi la Mwanza kesho yake. Bado anawasimulia watu wa Dar habari za kichuri, na sasa ndiye anayewauliza kama wamewahi kushuka Sirari.

Mimi nilibaki siku mbili. Siku ya kwanza nilipita mbele ya baa bila kugeuza shingo. Siku ya pili niliingia, nikakaa kwenye meza ya pembeni, nikaagiza soda. Nililipa kabla sijaifungua.