Shilingi Moja ya Mwana wa Kwanza

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na mazoea ambayo walimu wenzangu huyaona ya ajabu: kusoma hati za wosia za mafundi wa vijijini wa Uingereza waliokufa karne tatu au nne zilizopita, na kuzifasiri kwa Kiswahili pamoja na wanafunzi wangu. Nilidhani natafuta zoezi la msamiati tu.

Hati hizo ni nyingi mno. Hadi mwaka 1858, wosia wa mtu wa kawaida nchini humo ulithibitishwa katika mahakama za Kanisa, na makarani wake walitunza karatasi. Hivyo mhunzi asiyejua kuandika jina lake, aliyetia alama ya msalaba tu mbele ya mashahidi, ametuachia orodha ya masufuria yake. Nyingi za karne ya 16 na 17 huanza kwa jina la Mungu. Mwenye wosia hutamka kwamba ni mgonjwa wa mwili lakini mzima wa akili. Roho anaikabidhi kwa Muumba, mwili anaukabidhi kwa ardhi ya uwanja wa kanisa. Baada ya hapo ndipo tunapoingia nyumbani.

Na humo mna mengi ya kutazama. Fuawe, mivukuto na koleo huenda kwa mwana aliyebaki kiwandani na baba. Binti hupata sufuria ya shaba, shuka za kitani, pengine godoro la manyoya. Msicheke. Godoro la manyoya lilikuwa mali ya kutajwa mbele ya mashahidi, na kasha la nguo vilevile. Mjane naye hupewa chumba katika nyumba ambayo sasa ni ya mwanawe, nafasi ya kuota moto jikoni, kuni, na ruhusa ya kupita kwenda kisimani. Mara nyingi kwa sharti kwamba asiolewe tena. Mwanafunzi mmoja aliponisomea kifungu cha namna hiyo alinyamaza, kisha akauliza, “Mwalimu, na yeye mama alitaka nini?” Hati haisemi. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kuandika wosia wake bila idhini ya mume, na hali hiyo haikuondoka kabisa hadi sheria ya mwaka 1882. Mimi huona kwamba ile njia ya kisimani, iliyoandikwa kwa uangalifu namna ile, ni hofu ya mume aliyewajua watoto wake.

Lakini kilichonishika ni shilingi. Neno hili tumelirithi kutoka kwa Waingereza, na Waganda, Wakenya na Watanzania wanalibeba mifukoni kila siku. Shilingi ya zamani ilikuwa peni 12, karibu na ujira wa siku moja wa fundi mwanzoni mwa karne ya 17. William Shakespeare, mtoto wa fundi wa glavu, alipoandika wosia mwaka 1616, alimwachia dada yake Joan, aliyeolewa na mtengeneza kofia, pauni 20, nguo zake zote, na nyumba ya kukaa maisha yake kwa kodi ya peni 12 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi moja, na hakuna asiyeona upendo ndani yake.

Sasa chukueni wosia wa seremala ambamo mdogo amepewa karakana, mabinti wamepewa vitanda, na mwana wa kwanza ameachiwa shilingi moja. Darasa langu lote lilisema: huyu amekataliwa. Pengine ni kweli, ugomvi haukukosekana. Mara nyingi, hata hivyo, mwana huyo alikuwa amekwisha kupata fungu lake: alipewa siku ya kuoa, au baba alilipa ada ili apokewe na fundi mwingine kama mwanagenzi, na sheria ya mwaka 1563 ilitaka uanagenzi wa miaka saba. Shilingi iliandikwa ili asije mtu kudai kwamba mzee alimsahau mwanawe, na kwa hiyo akili yake haikuwa timamu.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu.

Baba yangu alikuwa seremala. Hakuandika, alisema, mbele ya mama na wazee wawili. (Uingereza nako wosia wa mdomo ulikubaliwa, ingawa sheria ya mwaka 1677 ilidai mashahidi watatu mali ilipozidi pauni 30.) Mdogo wangu, aliyekuwa akimshikia ubao tangu utotoni, alipewa karakana pamoja na randa, misumeno na patasi zote. Dada zangu walipewa shamba la migomba. Mimi, mwana wa kwanza, nilipewa futi yake ya mbao, ile ya kukunja. Niliondoka matangani moyo ukiniuma, na Krismasi mbili zikapita sijakanyaga nyumbani. Mama alikuwa akinipigia simu nami nikisingizia kusahihisha mitihani. Haikunijia hata mara moja kuhesabu ng'ombe wawili na mbao za mvule zilizouzwa mwaka ule nilipoingia chuo cha ualimu.

Wiki iliyopita yule mwanafunzi aliyeuliza habari za mjane aliuliza tena: “Na wewe, Mwalimu, uliachiwa nini?” Nikaitoa futi mkobani. Ikazunguka darasani, kila mmoja akiikunja na kuikunjua, tarakimu zake zimefifia upande wa kidole gumba.

Jioni nilimpigia mdogo wangu. Aliniambia msumeno wa baba bado unakata vizuri, ila mpini ameubadilisha mara mbili. Kisha akauliza kama futi bado ninayo. Nikamwambia ninayo.