Kuchagua Vitabu vya Kuchunguza Mauaji ya Lumumba

Miongoni mwa masomo yanayomtaka mwalimu wa historia awe na uangalifu mkubwa ni yale yanayohusu mauaji ya viongozi. Kila upande huwa na kauli yake, na vitabu ni vingi kuliko fedha za kuvinunulia. Sisi tunaofundisha vyuoni hatuna budi kuchagua vichache. Hapa twaeleza jinsi tunavyochagua, tukichukua mfano wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo.

Kwanza twatazama mwaka. Lumumba aliuawa Katanga usiku wa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwezi uliofuata wakuu wa Katanga walitangaza kwamba mahabusu hao walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Tume ya Umoja wa Mataifa iliikataa kauli hiyo mwaka huohuo, lakini nyaraka nyingi zilibaki zimefungiwa. Basi kitabu cha miaka ile chaweza kuwa cha kweli na bado kikawa pungufu.

Pili, twapenda ushahidi kabla ya maelezo. Ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church, ya mwaka 1975, yaonyesha kwamba CIA ilipeleka sumu Kongo ili Lumumba auawe. Yasema pia kwamba haukupatikana ushahidi wa shirika hilo kushiriki katika mauaji yenyewe. Msomaji mwenye haraka hushika nusu moja na kuitupa ya pili.

Tatu, twauliza mwandishi amesimama wapi. Ludo De Witte, katika kitabu chake cha 1999, aliishitaki Ubelgiji kwa nyaraka zake yenyewe. Bunge la nchi hiyo likaunda tume, nayo mwaka 2001 ikakiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na dhamana ya kimaadili. Emmanuel Gerard, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wa tume hiyo, aliandika na Bruce Kuklick kitabu cha 2015 kinachowagawia lawama watu wengi zaidi. Vitabu hivi viwili visomwe pamoja. Larry Devlin, aliyekuwa mkuu wa CIA huko Kongo, asomwe kama shahidi mwenye kesi yake. Tamthilia ya Aimé Césaire ya 1966 ni sanaa. Yatufundisha uchungu wa jambo, haithibitishi tukio.

Mwanachuo mmoja alituuliza: mtoto wa darasa la sita akisema, “Mwalimu, nani alimwua?” nijibuje? Twajibu hivi: alipigwa risasi na askari wa Katanga, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Hilo limethibitika. Uzito wa lawama ya kila serikali, hilo wanahistoria wangali wakilibishania, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi.

Katanga ni nchi ya wasemao Kiswahili, ilhali vitabu tulivyovitaja viliandikwa kwa Kiholanzi, Kifaransa na Kiingereza. Mtoto wetu hawezi kuvifungua akatuhakikishia. Atachukua tutakachompa. Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, ukipata fedha za vitabu viwili tu, usinunue viwili vinavyokubaliana.