Ukishushwa Singapore, Usikimbilie Uwanja wa Ndege

Watu wakisikia umepanda meli ya utalii wanataka kusikia habari za meli. Bwawa la kuogelea juu kabisa, bufee isiyofungwa, kasino, ule usiku wa nahodha ambao wanaume wote wamepiga suti kama wako kwenye harusi ya mtoto wa waziri. Hayo nayamaliza kwa mstari mmoja, maana picha umeshaziona kwa wenzako: ni kweli yote yapo, na ikifika siku ya tano suruali inaanza kubana. Ninachotaka tuongee leo, mpenzi msomaji, ni ile siku ambayo brosha huwa hazioneshi. Siku ya kushuka.

Sisi tulipandia Hong Kong, pale Kai Tak, ambako gati la meli limejengwa juu ya njia ya kurukia ndege ya uwanja wa zamani. Usiku 12. Tukapita ghuba ya Ha Long na majabali yake, tukagusa Da Nang, tukashuka Phu My na kupakiwa kwenye basi saa mbili nzima ili tuione Ho Chi Minh. Laem Chabang hivyo hivyo, Bangkok iko mbali na ukiingia unakutana na foleni za kukumbusha Ubungo ya miaka ile. Hili ulijue kabla hujalipa: jina la mji mkubwa kwenye ratiba ya meli mara nyingi ni jina tu, bandari yenyewe iko kwingine. Na kagua viza ya kila nchi mapema, hata kule ambako huna mpango wa kukanyaga.

Singapore haina mchezo huo. Meli inafunga Marina Bay, ukiinua macho unayaona maghorofa ya mjini.

Sasa kuna jambo lazima nikudokeze, la sivyo hutaelewa kwa nini mji huu umenikaa. Wiki moja kabla ya kuondoka Dar, mume wangu alipata barua ya kazi Muscat. Mkataba wa miaka 2, mshahara ambao hapa kwetu angeusubiri mpaka ndevu ziote mvi. Mimi kazi yangu iko Dar na si ya kuacha hivi hivi. Jibu lilitakiwa Jumatatu ile tunayorudi. Tukakubaliana tutaliongea melini, kwa utulivu, bahari mbele yetu. Wapi! Melini nani anaongea? Saa 2 usiku kuna onyesho, saa 3 kuna chakula, saa 5 kuna muziki, asubuhi mmeshafika nchi nyingine. Kila kitu umepangiwa. Mkiwa na jambo zito mnaweza kulikwepa siku 12 mfululizo huku mnapigana picha na kucheka.

Usiku wa mwisho ndio unapokumbushwa kuwa wewe ni abiria tu. Wanakuletea lebo za rangi za kufunga kwenye masanduku, na masanduku yanatakiwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane. Kwenye mkoba wa mkononi bakiza pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kesho, nasisitiza nguo ya kesho, maana kila safari haikosi mtu anayeshuka na kanzu ya kulalia na kandambili. Bili nayo inakuja: vinywaji, masaji, na ile bakshishi wanayokukata kwa kichwa kwa siku. Ipitie usiku uleule. Asubuhi foleni ya mapokezi ni ya watu mia.

Halafu saa 2 asubuhi mnatakiwa mmeshatoka chumbani. Yule kijana aliyekuwa anakukunjia taulo umbo la tembo anakuaga vizuri kabisa, lakini mashuka mapya ameshayabeba, maana jioni meli inaondoka na wengine. Inauma kidogo. Unaitwa kwa rangi yako, unashuka, unajaza mafuta ya taa ya maisha yako mwenyewe kuanzia hapo.

Wenzetu wengi walipakiwa kwenye mabasi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Changi. Wamelipa ndege ndefu ya kuvuka nusu ya dunia, wamefika Singapore, wameiona kupitia kioo cha basi. Mimi siafiki. Punguza usiku mmoja wa meli kama bajeti inabana, chukua chumba cha bei ya chini, lakini baki mjini siku 2. Hasa kama mko wawili.

Kituo cha treni ya mjini cha Marina South Pier kiko hatua chache kutoka gatini. Unagusisha kadi yako ya benki kwenye geti na umeingia, hakuna kupanga foleni ya tiketi. Mume wangu alitaka teksi, mimi nikataka treni, tukabishana pale na masanduku yetu kwenye joto la Singapore, ambalo ni la Dar ya mwezi wa pili pamoja na mvua yake ya ghafla mchana, kwani kisiwa chote kiko takriban digrii moja tu kaskazini ya ikweta. Treni ikashinda. Ndio ulikuwa ubishi wetu wa kwanza kwa siku 12, na nitasema ukweli, niliufurahia. Tulikuwa tumerudi kuwa sisi.

Tulishuka Bugis, tukatembea hadi Kampong Glam. Kampong kwa Kimalei ni kijiji, na mtaa huu ndio Waingereza waliowatengea Wamalei, Wabugis na Waarabu walipoupanga mji miaka ya 1820. Ukitoka pwani yetu hutajiona mgeni. Arab Street kuna maduka ya vitambaa ambayo muuzaji anakufungulia jora moja baada ya jingine ukiwa umekwishasema hununui. Familia kubwa za Kiarabu za hapa, kina Alsagoff na Aljunied, asili yao ni Hadhramaut, kulekule walikotoka mababu wa watu wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja. Wengine walielekeza jahazi kusini, wengine mashariki.

Katikati ya mtaa kuna Msikiti wa Sultan, uliokamilika mwaka 1932. Kuba yake ya dhahabu inaonekana kwenye kila kadi ya posta, lakini wewe angalia chini ya kuba, ule mkanda mweusi unaometa. Ni vitako vya chupa. Waislamu maskini hawakuwa na fedha ya kuchangia ujenzi, wakaleta chupa, na zikawekwa juu kabisa, si chini wala nyuma. Nilisimama pale nikiwa na shingo juu mpaka mume wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Chakula cha mchana kilikuwa murtabak, North Bridge Road, mkabala na msikiti. Unga unapigwa mpaka unakuwa mwembamba kama leso, nyama na mayai ndani, unakunjwa, unachomwa kwenye bamba. Aliyewahi kusimama Forodhani usiku akisubiri pizza ya Zanzibar atamtambua ndugu huyu bila kutambulishwa.

Siku ya pili asubuhi tukaenda Jumba la Makumbusho la Ustaarabu wa Asia, kando ya mto. Mimi na makumbusho si marafiki sana, ila hili lina chumba kimoja usikikose. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung cha Indonesia, wapiga mbizi walikuta mabaki ya meli ya karne ya 9. Ilikuwa imebeba vyombo vya Kichina zaidi ya 60,000, vingi ni bakuli za Changsha zilizopangwa ndani ya mitungi kama tunavyopanga sahani kabatini. Bakuli moja limeandikwa tarehe ya mwaka 826. Meli yenyewe haikuwa ya Kichina. Ilikuwa ya mtindo wa Kiarabu, mbao zimeshonwa kwa kamba pasipo misumari, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa. Na baadhi ya mbao, waliozipima walisema, ni za mti wa Afrika. Kwa hiyo ukiambiwa kusafiri Asia ni mambo ya kisasa, cheka kidogo.

Waomani walishona nakala ya meli ile, wakaiita Jewel of Muscat, na mwaka 2010 ikaja na matanga mpaka Singapore kwa miezi takriban 5.

“Miezi mitano,” mume wangu akasema. “Na mimi ni saa sita tu kwa ndege.”

Ndio ilikuwa mara ya kwanza neno Muscat kutajwa tangu Hong Kong. Sikumjibu. Tukatoka nje, tukatembea kando ya mto. Mto ule ulikuwa unanuka, umejaa taka na mitumbwi ya mizigo, serikali ikaanza kuusafisha mwaka 1977 na ikachukua miaka 10. Ukitoka Dar huwezi kusimama pale usiufikirie Msimbazi. Nilitaka kuufikiria Msimbazi kwa muda mrefu iwezekanavyo.

Mchana tukaenda Maxwell, mtaa wa Wachina. Ni banda kubwa la mama ntilie na baba ntilie, vibanda vingi vimepangwa mistari, feni zinazunguka juu. Chakula cha namna hii kiko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2020. Agiza wali kuku: kuku wa kuchemsha, wali uliopikwa kwa supu yake, pilipili na tangawizi pembeni, dola 5 au 6 za Singapore. Kwa jina tu utadhani ni chakula cha mgonjwa. Onja. Kama unakula halali, tafuta cheti kibandani kabla ya kuagiza. Muuzaji mzee wa kiume unamwita mjomba, wa kike shangazi, kwa Kiingereza chao, na hapo nilijisikia niko nyumbani kabisa. Kiti unakishika kwa kuweka pakiti ya tishu mezani, hakuna atakayeigusa. Ukimaliza unarudisha sinia mwenyewe, tangu 2021 kutorudisha kunaweza kukuletea faini. Faini ndizo zao: kula au kunywa ndani ya treni, faini. Duriani, lile tunda lenye harufu ya kufukuza wakwe, haliruhusiwi kituoni. Bazoka hazijauzwa kama kawaida tangu 1992.

Meza ni za kushirikiana. Wetu walikuwa kijana na mchumba wake, kadi za kazi shingoni, na kwa kuwa tuliuliza pilipili ipi ni ipi, tukaongea. Walikuwa wanasubiri nyumba. Kule karibu watu 8 kati ya 10 wanakaa kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1960, na wachumba wanaruhusiwa kuomba pamoja; ukiwa huna mwenza unasubiri ufike miaka 35. Foleni ni ya miaka. Ndiyo maana, binti akatueleza huku anacheka, kijana wa Singapore hapigi goti. Anakuuliza tu: twende tukaombe nyumba? Pete inafuata baadaye.

Walipoondoka tukabaki tunaangalia pakiti yao ya tishu. Sisi tuna kiwanja Kigamboni. Msingi umekaa miaka 3, na mama mkwe hakutuficha kwamba hela ya meli ingepandisha ukuta.

“Nikienda miaka miwili tunapaua,” mume wangu akasema.

“Halafu analala nani humo?”

Hapo ndipo tukaongea. Saa mbili na nusu, juu ya sinia mbili zilizopoa, feni ikitupeperushia risiti. Hakukuwa na onyesho la kukimbilia wala nahodha wa kupiga naye picha. Alisema mambo ambayo sikujua anayawaza, kuhusu baba yake aliyefanya kazi mbali na kurudi akiwa mgeni kwao. Mimi nikasema yangu, mengine nilikuwa nimeyapamba kichwani tangu Da Nang na yalitoka bila mapambo. Akageuza risiti, akapiga hesabu nyuma yake. Shangazi wa kibandani akaja kufuta meza mara mbili, mara ya pili akatuletea maji ya ndimu bila kuombwa.

Usiku tukaenda Gardens by the Bay kuona ile miti mirefu ya chuma inayofika mita 50. Saa 1:45 na saa 2:45 usiku taa zake zinacheza na muziki, bure kabisa. Lala chini chali kama wengine wanavyofanya, usione haya. Sina mengi ya kusema kuhusu usiku ule isipokuwa kwamba tulishikana mikono kwa uchovu wa watu waliotoka kugombana vizuri.

Kesho yake Changi. Nenda saa kadhaa kabla ya ndege, uingie Jewel, jengo lililofunguliwa mwaka 2019, maporomoko ya maji ya mita 40 yanashuka kutoka darini katikati ya msitu. Mume wangu alikaa kwenye benchi, maji yakiunguruma, akaandika barua pepe ya kwenda Muscat. Mwaka 1, si 2. Tiketi ya mke kila baada ya miezi 3. Akanipa simu niisome kabla hajaituma. Nikamrekebishia tarehe ya kuanza, nikaisogeza mbele mwezi mmoja, nikambonyezea mwenyewe.